Karavani ya Viwanja Yapakwa Udongo Magadi

Wasomaji wangu wanijua kuwa mimi ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani akitajiwa Magadi jambo la kwanza limjialo akilini si ziwa wala kiwanda. Ni kile kijiwe cheupe cha dukani tutiacho chunguni maharagwe yakikataa kuiva, na wazee wetu wakikitia katika tumbaku. Wamasai nao huiita emakat, na maneno haya mawili yamekaribiana kama ndugu wa ziwa moja. Nalikuwa nimekula magadi miaka hamsini na kitu pasi na kuiona Magadi yenyewe, hata ilipofika Februari ya mwaka 2019, nikaenda huko nyuma ya nyumba ya magurudumu.

Nasema nyuma yake kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mbele lilikwenda gari la kukokota, kisha karavani, kisha sisi katika matatu ya kukodi, tukiitazama ile nyumba ikiyumba kama mashua iliyopakiwa vibaya.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Watu wa Kitengela, waalimu, wafanya biashara wadogo, kina mama wa chama kimoja na mstaafu mmoja wa reli, walifanya harambee ya kupeleka kambi ya macho Magadi. Fedha zilichangwa, nyingine mkononi na nyingine kwa simu, zikatosha dawa, mafuta ya gari na chakula cha waganga. Kilichokosekana ni chumba. Mganga wa macho alitaka chumba chenye kiza kidogo cha kuchungulia kope kwa tochi na kioo cha kukuzia, kisichoingia vumbi wala nzi, chenye friji ndogo ya dawa na mlango wa kufungwa. Skuli tuliyopewa nje ya mji wa Magadi ilikuwa na madarasa mawili ya madirisha yasiyo na vioo. Moja lingetosha kwa upasuaji baada ya kuzungushiwa turubai na vyandarua. La pili lilikuwa na watoto wake, na hatukwenda kufukuza watoto darasani.

Ndipo akatokea bwana mmoja wa Kitengela, muuza ardhi, akasema yeye hatoi fedha, atoa karavani yake bure kwa siku tatu. Wanakamati walipiga makofi. Nami nilipiga.

Hapa nistahimiliwe kidogo, maana neno hili karavani lina safari yake. Asili yake ni Uajemi, karwan, ndio ule msafara wa ngamia na bidhaa. Waarabu wao wasema kafila, na sisi tuliosoma chuoni tungali wadogo twaikumbuka ile sura ya Makureshi na safari zao mbili, ya kipupwe na ya kiangazi. Wazungu walilichukua neno la Kiajemi wakalipeleka kwao, na huko likaja kuwa jina la nyumba ya kukokotwa. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, William Gordon Stables, alijijengea huko Bristol nyumba ya mbao ya kuvutwa na farasi, akaiita The Wanderer, akazunguka nayo nchi kwa starehe yake. Huyo ndiye ahesabiwaye baba wa karavani za matembezi. Alikuwa mganga, naye hakuijenga kwa ajili ya wagonjwa, lakini nilifurahi kulijua hilo.

Na sisi nasi tulikuwa na karavani zetu, za watu wala si za magurudumu. Mwaka 1870 ilichapishwa London habari ya njia za misafara ya kutoka pwani kwenda bara, iliyoandikwa na mmishonari Wakefield kwa kusimuliwa na mtu wa upande wa Gazi, Sadi bin Ahedi, ambaye alizijua njia za Umasaini kituo kwa kituo, maji kwa maji. Mwaka 1883 Mjerumani Fischer, aliyetoka Pangani na msafara wa Waswahili, alipita bonde hili kwenda Naivasha. Na mwaka uo huo Joseph Thomson, aliporudishwa nyuma mara ya kwanza, hakuweza kuvuka Umasaini mpaka alipofuatana na mfanya biashara wa Pangani, Jumbe Kimameta, aliyejulikana huko. Babu zetu walipita hapa na nguo, shanga na waya, wakarudi na pembe. Nililifikiri hilo njia nzima, na nikajiona kama mtu mwenye haki ya kukaribishwa. Ujinga wangu utaonekana mbele.

Tulitoka Kitengela alfajiri, tukashika Isinya, tukakata kwa njia ya Kiserian, kisha tukaikamata barabara ya Magadi. Corner Baridi ni baridi kweli, nalijifunga shuka. Pale ndipo nchi inapoanguka. Dereva alishuka kwa gia nzito, mguu wake mbali na breki, kwa sababu, alinieleza baadaye, karavani huisukuma gari mteremkoni, na ukikalia breki zikashika moto huna tena breki. Tukapita Oltepesi, tukapita Olorgesailie, mahali Louis na Mary Leakey walipofukua katika miaka ya 1940 yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, yaliyolala juu ya ardhi kama maganda ya nazi uani. Joto likazidi kila maili. Lile shuka nikalikunja, kisha koti, kisha nikabaki na fulana na heshima yangu.

Kabla ya kufika skuli pana korongo la mchanga. Gari lilivuka, karavani ikazama mpaka kwenye ekseli. Vijana wa kuchunga mbuzi walikuja wakatazama, wakaweka fimbo chini, wakashika. Neno harambee tumelizoea midomoni mwa wakubwa, tangu Mzee Kenyatta alipolifanya wito wa taifa mwaka 1963, hata tumesahau kuwa ni neno la watu wenye mzigo na kamba. Siku ile tulilitumia kwa kazi yake. Mara ya nne karavani ikatoka.

Mtu asiyeijua Magadi adhani ziwa lake ni maji. Ni chumvi ya magadi iliyogandamana, nyeupe na mahali pengine ya waridi, na chemchemi za moto pembeni zenye visamaki vinavyoishi katika maji ambayo mimi nisingetia mkono. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, reli ya kutoka Konza ikafika mwaka 1915, na tangu hapo magadi hushuka kwenda Mombasa kupakiwa melini. Utotoni tukiona mabehewa yake hatukuuliza yatoka wapi. Hata ndege wamepata kufanyiwa wema hapa: mwaka 1962 heroe walizaa katika ziwa hili, magadi yakawaganda makinda miguuni kama pingu, na watu wakaingia ziwani na kuzivunja pingu hizo kwa nyundo, kinda mmoja mmoja, wakaokoa maelfu.

Basi tukaisimamisha karavani chini ya mgunga, tukateremsha zile jeki nne za pembeni, tukaipima kwa chupa ya maji isilale upande, tukafungua pazia la turubai ubavuni. Friji ikawashwa. Meza ya daftari nikaiweka ndani karibu na mlango, maana kazi yangu mimi, mtu wa kalamu, ilikuwa kuandika majina.

Daftari lile nalilitengeneza mwenyewe usiku kwa rula. Jina, jina la baba, umri, nambari ya kitambulisho, mtaa, ranchi, na mwisho mahali pa kutia dole gumba kwa ruhusa ya kupasuliwa. Hakuna aliyenitaka niandike ranchi wala nambari ya kitambulisho. Niliona zapendeza.

Watu walikuja kabla ya jua kupanda, kina mama kwa wingi, wengine wameshikwa mkono na wajukuu. Walikaa kivulini, mbali. Nikangoja. Wawili wakaingia, wakaandikwa, wakatoka. Kisha mzee mmoja mwenye fimbo akasimama ubavuni mwa karavani, akamwita kijana wa skuli amsomee. Wakazungumza. Mzee akarudi kivulini, na nusu ya wale kina mama wakainuka wakaanza kujifunga shuka zao kuondoka.

Mwalimu wa skuli, mwenyeji, akanijia mbio. "Mzee, mmeandika nini kwa hii nyumba?"

Tukazunguka upande wa pili. Mimi nalikuwa nimeisafiria karavani hiyo kutwa nzima nikiitazama mgongo tu. Ubavuni, kwa herufi nyekundu za urefu wa mkono, palikuwa pameandikwa: PLOTI ZINAUZWA. HATI YAKO TAYARI.

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akacheka, nasi wa pwani tuna vilio vyetu vya hati. Lakini mtu wa Kajiado hacheki. Mwaka 1904 wakubwa wa Kimasai walitia alama zao katika karatasi ya Serikali ya Kiingereza, na watu wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa. Mwaka 1911, mwaka ule ule wa kampuni ya magadi, zikatiwa alama nyingine, na wale wa Laikipia wakateremshwa kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kesi yao haisikiki, kwa kuwa karatasi zile ni mapatano ya dola na dola. Baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1968 ya ranchi za pamoja, kila mtu akaandikwa katika daftari la ranchi yake. Kisha ranchi zikaanza kukatwa vipande, na waliokosa daftarini wakakosa ardhi, na wengi waliopata waliuza. Kitengela ya leo, maghorofa na maduka yake yote, imesimama juu ya malisho yaliyouzwa hivyo. Upande wa Magadi walikuwa wangali na ranchi zao za pamoja, nao walijua vyema yaliyowapata wenzao wa juu.

Sasa imekuja nyumba ya magurudumu kutoka Kitengela, ubavuni imeandikwa hati, na ndani amekaa mtu mgeni mwenye daftari auliza kitambulisho, auliza ranchi, na mwisho ataka dole gumba. Ningalikuwa mimi ningalikimbia bila kungoja kuvaa viatu.

Mganga, msichana wa kazi zake, alisimama mlangoni na tochi mkononi. Akaniambia taratibu, "Mzee, hawa wakienda hawarudi. Yule pale wa shuka ya buluu jicho moja limekwisha, la pili lina mwaka labda."

Ugonjwa wenyewe kwa Kiswahili ni vikope, na jina lake linaeleza kila kitu. Ni kijidudu chenye kupita kwa vidole, kwa nguo na kwa nzi, kutoka jicho la mtoto hadi jicho la mwingine. Mtoto hupona, huambukizwa tena, hupona, mara nyingi. Na kila mara huacha kovu upande wa ndani wa ukope. Baada ya miaka makovu huuvuta ukope ukageuka, na kope zikaelekea ndani. Basi kila mama apepesapo jicho, kope zake mwenyewe humkwangua mboni. Wanawake huwa wengi kuliko wanaume kwa sababu ndio wenye kulea watoto. Wengi walikuwa na vibano vidogo vya chuma wamevifunga shingoni pamoja na shanga, vya kung'olea kope; nami nalidhani ni mapambo. Upasuaji wake si mkubwa, ganzi kidogo na muda usiofika nusu saa, ukope ukageuzwa mahali pake. Lakini kovu la mboni halirudishwi, ndiyo maana siku zina thamani.

Nikachukua daftari nikataka kulichana. Mwalimu akanizuia. Akaniambia lichane mbele yao, si hapa. Tukaenda kivulini. Nikamwamkia yule mzee, nikakosea salamu, vijana wakacheka, mzee hakucheka. Mwalimu akaeleza kwa Kimasai mimi ni nani na nimefanya nini. Nikachana ile safu ya kitambulisho na ile ya ranchi, ukurasa kwa ukurasa, ambayo si kazi nyepesi kwa daftari la kushonwa. Na vipande nikampa mzee. Akavihesabu. Akavitia motoni chini ya birika la chai.

Juu ya dole gumba mganga alisema haliwezi kuondoka, ndiyo sheria ya kupasua mtu. Wakakubaliana kuwa karatasi hiyo itasomwa kwa sauti, mbele ya watu wote, na binti wa darasa la nane, si na mimi wala na mwalimu, na kila mwenye kutia dole atapewa nakala aende nayo kwao. Karatasi kaboni zilitoka kwa mwalimu mkuu. Majina yakawa yanaandikwa nje, chini ya mti.

Bado ile nyumba. Kuchunguliwa ndani ya kiza ilikuwa lazima, na hakuna aliyetaka kupanda. Tuliifungua ndoano, gari likaenda kusimama mbali ili waone kuwa karavani haiwezi kuondoka na mtu. Haikutosha. Hapo yule mama wa shuka ya buluu, tuliyekuwa tukimwita Yeyo kama walivyomwita wote, alisogea akaigonga bati kwa kidole, akauliza swali. Mwalimu akakawia kidogo kunifasiria. "Auliza ni mwanamke gani aliyeijenga."

Kwa Wamasai nyumba hujengwa na mwanamke, fito kwa fito, akaikandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na nyumba hiyo ikawa yake. Tukajibu hakuna mwanamke, imetoka kiwandani. Yeyo akatikisa kichwa. Akawasemesha wenzake, nao wakaenda zao, mimi nikasema basi, tumewakosa. Kumbe wamekwenda zizini.

Walirudi na madebe. Sijapata kuona kazi iendayo mbio namna ile. Kina mama wasioona vizuri waliikandika karavani kwa viganja, kuanzia chini hata walipofika mkono, wakiimba, na PLOTI ikaondoka, ZINAUZWA ikaondoka, HATI ikachukua mikono mitatu. Dereva alikuwa kashika kichwa chake. Mimi nalikuwa nikifikiri juu ya bwana mwenye mali, aliyeitoa ili herufi zake zionekane, na ambaye adhuhuri angefika na wageni wake na mpiga picha.

Yeyo alikuwa wa kwanza kupanda. Baada yake sikupata nafasi ya kunyoosha mgongo mpaka jua lilipowaka mno. Tulifanya hivi siku zote mbili zilizofuata: kuchungulia asubuhi na jioni, kwa kuwa saa za mchana bati ile ilikuwa tanuri, udongo au si udongo, na upasuaji darasani.

Kuosha uso ndiyo nusu ya dawa ya vikope, nusu ya pili ikiwa kidonge na choo, lakini Magadi maji ni ya kuhesabiwa, na huwezi kumwambia mama aoshe watoto sita kwa debe alilolibeba mgongoni. Mganga aliwaonyesha kuwa kopo dogo lililotobolewa, maji yakitoka kama uzi, laosha nyuso kadhaa. Wakaniomba shairi la watoto. Nikatunga papo hapo:

Uso uoshe mapema, inzi wasikukalie,
Kope zikianza choma, mamayo umuambie,
Daktari akisema, usikimbie ulie,
Jicho halina dukale, likipotea ujue.

Mwalimu akalifasiri Kimasai. Vina vyote vikafa. Watoto wakaliimba kwa sauti yao wenyewe, likawa zuri kuliko langu.

Bwana mwenye karavani alifika saa saba. Alishuka garini na wageni wake, akatafuta mali yake, akaipita mara mbili. Alipoitambua alinyamaza kimya kirefu. Kisha akaniuliza, maana mimi ndiye niliyekuwa na mvi nyingi, "Shekhe, hii ndiyo asante yenu?" Nikamweleza yote nisimfiche. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la benki na mabango mengine manne ya kulipia. Alisema kama angaliambiwa angalifunika kwa shuka. Hilo ni kweli, na hakuna kati yetu aliyelifikiri. Alikaa kidogo, akanywa chai akiwa amesimama, mpiga picha wake akapiga picha za kina mama wenye bandeji, wakamkatalia, akaacha. Waliondoka bila kula.

Siku ya tatu bandeji zilifunguliwa. Nitasema nililoliona tu: Yeyo alipepesa jicho, akangoja, akapepesa tena, kama mtu akanyagaye sakafu asiyoiamini. Kisha akafungua kile kibano shingoni mwake, akakitia katika kikoba cha shanga. Hakukitupa, chuma hakitupwi.

Tukarudi jioni ile ile. Katika kupanda Corner Baridi rejeta ilichemka mara mbili, na tulipokuwa tukingoja ipoe umande ukaanza kushuka, na udongo uliokuwa umekauka ukawa unabanduka vipande vipande. Kwanza ikatokea Z, kisha O. Kitengela tuliingia usiku na nusu ya PLOTI iko wazi.

Bwana alituma neno kuwa ataka mali yake safi kama alivyoitoa, na alikuwa na haki. Asubuhi niliipeleka mahali pa kuoshea magari, nikalipa kwa mfuko wangu, maana fedha za harambee hazikuwa za kazi hiyo na lile daftari lilikuwa langu. Kijana mwoshaji aliipiga maji ya nguvu. Ilitoka yote ila pale kwenye HATI, palipokuwa na mikono mitatu, akalazimika kukwangua kwa kisu cha putty. Akakwangua kitambo, akasimama, akanigeukia.

"Mzee," akaniuliza, "fundi aliyepiga hii plasta yuko wapi? Nina mama huko Isinya nyumba yake inavuja."